Vidonge vya Kisukari Wakati wa Upasuaji Mdogo

Mkazi wa Kinoru anayetumia vidonge vya kisukari anapopangiwa upasuaji mdogo, iwe ni wa ngiri, uvimbe au mtoto wa jicho, kuna swali la kuuliza kabla ya kuondoka kliniki: kila kidonge kinaachwa lini, na kinarudiwa lini? Abebe pakiti zote za dawa, kwa kuwa vidonge hivi havifanyi kazi kwa njia moja.

Glibenklamidi na gliklazidi: Huusukuma mwili kutoa insulini hata kama tumbo ni tupu. Akivimeza bila kula, sukari yaweza kushuka hadi azirai. Kwa kawaida havimezwi asubuhi ya upasuaji.

Metformini: Ikitumiwa peke yake, ni nadra kushusha sukari kupita kiasi. Daktari anaweza kuruhusu iendelee au kuisimamisha siku hiyo, hasa kwa mwenye shida ya figo.

Dapagliflozini na empagliflozini: Kwa kawaida huachwa siku 3 kabla. Zikiendelea wakati mgonjwa hali, asidi hatari yaweza kujaa kwenye damu hata kama kipimo cha sukari ni cha kawaida. Dalili zake ni kutapika, maumivu ya tumbo na kupumua kwa kasi.

Kuhusu kula
Upasuaji wa sindano ya ganzi pekee mara nyingi hauhitaji kukaa bila kula. Mgonjwa akiambiwa ale kama kawaida, huenda akaendelea na dawa zake pia. Kwa dawa ya usingizi, chakula husimamishwa kwa muda wa saa 6 au zaidi, na maji matupu kwa muda wa saa 2. Chai ya maziwa na uji huhesabiwa kuwa chakula. Ni vyema aombe kuwa wa kwanza kwenye orodha ya asubuhi.

Sukari ikishuka
Kutetemeka, jasho jingi na kuchanganyikiwa ni dalili za sukari kushuka. Kipimo kikiwa chini ya 4, mgonjwa anywe maji yenye vijiko vidogo 3 au 4 vya sukari, hata kama aliambiwa asile, kisha apimwe tena baada ya dakika 15. Lazima amweleze muuguzi alichokunywa.

Baada ya upasuaji
Vidonge hurudiwa mgonjwa anapokula vizuri, kwa maagizo ya daktari. Asiache dawa zote kwa wiki nzima kwa hofu: sukari ikipanda, kidonda huchelewa kupona na huweza kuoza. Asimeze dozi mbili kufidia aliyoiacha. Anayedunga insulini ana maagizo yake tofauti, na haachi bila kuambiwa.

Maagizo yaandikwe kwenye kadi ya kliniki, na mtu wa nyumbani ayasome pia.