Harufu ya mvua imezidi chupani

*Natengeneza manukato nyumbani. Nilitia jiosmini kidogo nipate harufu ya mvua ya kwanza, sasa chupa nzima yanuka tope. Niimwage? — Msomaji, Tanga*

Asiimwage. Wengi hukwama hapo hapo, na kosa si la pua yake.

Jiosmini hutengenezwa na bakteria wa udongoni, hasa jamii ya *Streptomyces*. Ndiyo pia huipa bitiruti harufu yake ya udongo. Binadamu huinusa hata ikiwa sehemu chache tu katika trilioni, kwa hiyo tone moja ni mzigo mkubwa.

Achanganye manukato yale yale upya bila jiosmini, kisha aingize ya zamani tone kwa tone, akitoka nje kupumzisha pua, maana pua ikishazoea hudanganya. Safari ijayo, jiosmini ya asilimia 1 aizimue kwanza: tone 1 kwa matone 99 ya alkoholi ya manukato, mbali na moto. Mafuta ya sandali huipokea vizuri mno. Huko Kannauj, India, mafundi hukeneka udongo uliochomwa, mvuke wake ukaingia katika mafuta hayo.

Ajaribu kwanza ndani ya mkono, asubiri siku nzima. Pakiwasha, aoshe kwa sabuni. Vipele visipotulia, amwone daktari wa ngozi.