Mizani ya Hadaa Katika Mnada Usioonekana

Somo la mwezi huu ni Amri ya Saba. Someni kwanza: Amosi 8:4-6, Mithali 11:1, Mithali 20:14, Mathayo 5:23-24, Luka 19:8.



Sisi watu wa Moshi na wa vihamba vya mlimani tumezoea mnada. Siku ya Bwana, ibada ikiisha, twasimama nje ya kanisa, na sadaka za mazao hunadiwa mbele ya wote: mkungu wa ndizi, kuku, mayai, debe la mahindi. Kila mtu auona mkungu kama umekomaa, na kuku kama ni mzima. Mnadi hana haja ya maneno mengi, kwa maana macho ya usharika wote ni mashahidi.

Uko na mnada wa pili, ulioujulisha mji wetu kwa mataifa, ndio mnada wa kahawa. Katika mnada huo mnunuzi hayaoni magunia yote. Kahawa hupangwa kwa madaraja, kama AA, A, B na PB. Kisha wanunuzi hupewa sampuli ya kila fungu, wapate kuionja kabla ya kutaja bei. Hununua magunia mengi kwa kuamini kiasi kidogo cha buni. Basi sampuli ni ahadi. Yasema: "Vilivyomo magunini ni kama hivi." Mtu akichagua punje nzuri na kuzitia katika sampuli, na mbovu akaziacha magunini, huyo hakuuza kahawa, ameuza uongo.

Siku hizi umeingia kwetu mnada wa tatu, nao haukai mahali pamoja. Twaushika mkononi, ndani ya simu. Mtu apiga picha ya friji, au cherehani, au pikipiki iliyokwisha kutumika, aandika maneno machache, na watu wa Marangu, Machame na Dar es Salaam waiona saa ile ile. Jambo hili lenyewe si baya. Mwenye kitu asichokihitaji ampata mwenye haja nacho, na wote wawili wafaidika. Lakini yatupasa kukumbuka neno moja: katika mnada huu picha na maneno ndiyo sampuli. Mnunuzi hana kingine cha kuonja.

Na tuangalie jinsi sampuli hii inavyoharibiwa.

1. Picha ya kitu kingine. Muuzaji achukua picha nzuri ya mtu mwingine na kuiweka juu ya kitu chake kilichochakaa. Au ni picha ya kitu chake mwenyewe, lakini ni ya upande mmoja tu, na upande wenye ufa au kutu hauonyeshwi.

2. Neno la kujifichia. Huko Ulaya na Marekani wako watu wazima wakusanyao magari-moshi madogo ya kuchezea, yaendayo kwa umeme juu ya reli ndogo. Mengi huuzwa yakiwa yamekwisha kutumika. Wanunuzi wazoefu huliogopa sana neno moja katika matangazo hayo: "Haijajaribiwa." Kwa maana pengine muuzaji amekwisha kulijaribu garimoshi lile, akaona haliendi, ndipo akaandika kwamba hajui. Neno hilo limefika kwetu pia, pamoja na ndugu zake, "kama mpya" na "ina tatizo dogo tu."

3. Kipimo kilichorudishwa nyuma. Kila gari lina mita ihesabuyo kilomita lilizokwenda. Wako watu waijuao kazi ya kuirudisha nyuma hesabu hiyo, ili gari lililochoka lionekane changa. Hii ni mizani ya hadaa ya siku zetu, wala haipungukiwi na kitu kuitwa hivyo.

4. Mnunuzi wa uongo. Katika minada ya mtandao mwenye mali aweza kujiandika kwa jina la pili, au kumtuma rafiki yake, ataje bei asiyokusudia kulipa, ili mnunuzi wa kweli apandishwe.

Hila hizi zina vifaa vipya, lakini dhambi ni ya kale. Nabii Amosi aliwakemea wafanya biashara waliopunguza kipimo, wakaongeza bei, wakawauzia maskini hata takataka za ngano. Na Martin Luther, katika kitabu chake juu ya biashara na riba cha mwaka 1524, aliwaandika waziwazi wafanya biashara wa siku zake. Walitia pilipili na tangawizi mahali penye unyevu, zipate kuongezeka uzito. Nazo bidhaa nyingine walizipanga nzuri juu na chini, na mbaya katikati. Mwenye kununua robota la mitumba aielewa habari hii pasipo mfasiri.

Kwa sababu hiyo Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529, tuliyojifunza kabla ya Kipaimara, haikuishia kwa mwizi avunjaye nyumba. Ikiieleza Amri ya Saba, yataja pia bidhaa mbaya na biashara ya udanganyifu. Tena yatuagiza kumsaidia jirani, mali yake na riziki yake zipate kutunzwa. Basi muuzaji Mkristo hakuwekwa kuilinda faida yake peke yake. Amewekwa kuulinda na mfuko wa mnunuzi.

Labda mtu atasema: "Mimi sikusema uongo. Nilinyamaza tu." Tuchukue mfano. Binti amemaliza kujifunza ushonaji. Mama yake ameuza maziwa miezi mingi, akaweka akiba, akamnunulia cherehani ya umeme aliyoiona katika kundi la simu la kwaya. Tangazo lasema: "Haijajaribiwa." Cherehani yafika, na mota yake imeungua, naye muuzaji alijua. Je, kimeibiwa nini hapo? Si fedha tu. Miezi ya jasho la mama imeibiwa, na kazi ya binti kabla haijaanza. Na Jumapili wote watatu waja madhabahuni. Bwana wetu ametufundisha la kufanya mtu akikumbuka huko kwamba ndugu yake ana neno juu yake: aiache sadaka yake, aende kupatana kwanza. Naye Zakayo hakuona toba kuwa maneno matupu. Aliahidi kurudisha mara nne.

Wala asidhani mtu kwamba kitu chenye kasoro hakiuziki pasipo hila. Mnada wa mtandao uitwao eBay ulianzishwa Marekani mwaka 1995 na Pierre Omidyar. Kampuni yenyewe yaeleza kwamba kitu cha kwanza kuuzwa kilikuwa kitaa kidogo cha leza kilichovunjika, kwa dola 14.83. Omidyar alimwuliza mnunuzi kama ameelewa kwamba ni kibovu. Mnunuzi akajibu kwamba yeye hukusanya vibovu vya namna hiyo. Fundi wa Moshi naye aweza kuitaka friji mbovu kwa ajili ya vipuri. Bali aambiwe kweli, na bei iwe ya kitu kibovu.

Mnunuzi naye ana fungu lake katika somo hili. Mithali yamsema mtu akidharauye kitu mbele ya mwenyewe, kisha aenda zake akijisifu. Tena bei ndogo mno huyapofusha macho. Kwa hiyo tushike haya: tuombe kuona kitu kikifanya kazi, kwa macho au kwa picha za video, tukutane mahali pa wazi, mchana, tusitume fedha kwanza kwa mtu tusiyemjua. Ujumbe wa kitapeli ukija, tuupeleke kwa namba 15040, nasi tukikwisha kudanganywa twende polisi, kwa maana Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 yaukataza udanganyifu huo.

Lakini sheria huja baada ya hasara. Muuzaji aaminiye aweza kuizuia kabla, kwa mstari mmoja wa kweli: "Mlango wake haufungi vizuri." Mstari huo utampunguzia shilingi kadhaa. Nao utamfanya mnunuzi alale usingizi, na jina la Kristo lisitukanwe sokoni kwa ajili yetu.

Maswali ya kuzungumza katika jumuiya:

1. Katika tangazo letu la mwisho, ni kasoro gani tuliyoijua tusiiandike?
2. Je, kundi la simu la usharika lifaa kuwa na kanuni ya kuuza na kununua?
3. Yuko nani tunayepaswa kumrudishia kitu kabla ya kwenda kwenye Meza ya Bwana?