Dondoo muhimu: Ukifika Eyam, kijiji kilichojifungia na tauni

Anzia kanisa la Mtakatifu Lawrence. Nje yake umesimama msalaba wa jiwe uliochongwa karne ya 8 hivi, na hapo karibu pana kaburi la Catherine Mompesson, mke wa kasisi, aliyefariki Agosti 1666. Tulia hapo, usipite mbio.

Kisa chenyewe ukijue kabla ya kwenda. Mwaka 1665 shehena ya vitambaa kutoka London ilifika kwa mshonaji wa kijiji hiki cha Derbyshire, na tauni ikaja nayo. Kasisi William Mompesson na mtangulizi wake, Thomas Stanley, waliwasihi wanakijiji wasitoke, wasije wakawaambukiza majirani. Wakakubali. Wapatao 260 walikufa.

Nyumba zenye vibao vya majina ya marehemu hukaliwa na watu mpaka leo, kwa hiyo soma kibao ukiwa barabarani, usichungulie dirishani.

Vaa viatu vya kuhimili matope. Njia ya Stoney Middleton inapita kwenye jiwe la mpaka lenye matundu; humo waliweka sarafu ndani ya siki kulipia chakula walicholetewa. Upande mwingine, nje ya kijiji, yapo makaburi ya Riley. Elizabeth Hancock alimzika hapo mumewe na watoto sita kwa siku nane, peke yake. Mimi ningekwenda huko mwisho, bila haraka.

Jumapili ya mwisho ya Agosti hufanyika ibada ya kumbukumbu.