Daftari Mbili za Chombo Kimoja: Somo la Kupima Maji ya Ziwa

Wanafunzi wenzangu, na ninyi wakubwa wetu mliokwisha kuondoka shuleni, nataka tujifunze leo jambo moja ambalo halimo katika vitabu vyetu vya Fizikia, lakini lahusu maisha ya watu wengi wa Bujumbura. Ni namna ya kujua kama chombo cha kupimia kimesema kweli.

Sote twajua ya kuwa Ziwa Tanganyika hupanda na kushuka kila mwaka. Kwa kawaida huwa juu mwezi wa Aprili au Mei, mvua zinapokaribia kwisha, na huwa chini mwezi wa Oktoba au Novemba. Lakini iko miaka ambayo maji hayashuki kama ilivyo desturi, bali huongezeka juu ya yale ya mwaka uliopita. Ndivyo ilivyokuwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, hata mwaka 1964 ziwa likawa juu sana. Jambo hilo lilirudi katika miaka ya 2020, 2021 na 2024, maji yakaingia Gatumba na Kibenga, na watu wengi wakahama nyumba zao. Mahali palipo tambarare kama pale, sentimita chache za maji ndizo zinazoamua kama mtu atalala kwake au atalala hemani. Kwa hiyo atakayetangaza kimo cha ziwa lazima awe na hakika na anachokitangaza.

CHOMBO CHENYEWE

Zamani kimo cha maji kilisomwa kwa macho tu, juu ya ubao uliochorwa mita na sentimita na kusimamishwa majini. Ubao huo bado una kazi, kama tutakavyoona. Lakini siku hizi, hapa kwetu na katika nchi nyingine, hutumika pia chombo kinachojiandikia chenyewe. Tukiite kirekodi. Hicho ni sanduku dogo lenye kompyuta ndogo ndani yake, betri, saa na kumbukumbu. Nje yake kuna paneli ya jua ya kuijaza betri, na waya unaoshuka majini hadi kwenye kihisi, yaani kifaa kinachohisi uzito wa maji yaliyo juu yake. Maji yakiongezeka, uzito huongezeka, na kirekodi huugeuza kuwa mita.

Virekodi vya namna hii havitumiki ziwani tu. Viko katika mabwawa ya umeme, viwandani, katika vituo vya hali ya hewa, na katika vyumba vya baridi ambamo chanjo nyingi hutakiwa zikae kati ya nyuzi 2 na 8. Anayejua kukisoma kimoja hatapotea sana akipewa kingine.

Kirekodi kilichoamriwa kupima kila baada ya dakika 15 huandika mistari 96 kwa siku, na mistari 35,040 kwa mwaka wa siku 365. Hakuna mtu awezaye kukaa ufukweni akafanya kazi hiyo usiku na mchana. Lakini mtu aliyekaa ufukweni angetuambia, “Jana niliugua,” au, “Saa yangu ilisimama.” Kirekodi nacho husema hivyo, ila hakisemi mahali pale pale kinapoandika kimo cha maji. Hapo ndipo watu wengi hupotea.

DAFTARI MBILI

Kirekodi kina daftari mbili. Ya kwanza nitaiita daftari la vipimo. Humo kila mstari una tarehe, saa na kimo cha maji. Hilo ndilo daftari ambalo kila mtu hulitaka, kwa sababu ndimo zimo habari za ziwa.

La pili nitaliita daftari la hali. Humo kirekodi huandika habari zake chenyewe: lini kiliwaka, lini betri ilikuwa dhaifu, lini saa ilibadilishwa, lini programu ilipakiwa upya, lini kihisi hakikujibu, na mara ngapi kilishindwa kupima kwa wakati wake. Daftari hili halisemi neno lolote juu ya ziwa. Hata hivyo, mtu asiyelisoma hawezi kujua ni mistari ipi ya daftari la kwanza iliyo ya kuaminika.

Daftari la hali hupatikana wapi? Tafuta mahali pane. Kwanza, katika kioo cha kirekodi chenyewe, kama kinacho. Pili, katika programu ya mtengenezaji, ukikiunga kirekodi na kompyuta kwa waya. Tazama sehemu iliyoandikwa Status, Diagnostics au Events, na kama mashine inasema Kifaransa, État au Journal. Tatu, katika kadi ya kumbukumbu, ambamo mara nyingi kuna faili lake mbali na lile la vipimo. Nne, kama kirekodi hutuma habari kwa mtandao wa simu, katika kompyuta ya ofisi inayozipokea.

Liko na la tano, nalo si la umeme. Ni daftari la karatasi ambalo mtunzaji wa kituo yafaa aliweke ndani ya sanduku. Aliyesafisha kihisi na asiandike siku wala saa, amewaachia wenzake kitendawili.

Hapa kuna onyo kubwa. Kumbukumbu ya kirekodi ina mwisho. Ikijaa, maneno mapya huandikwa juu ya yale ya zamani. Tena viko virekodi ambavyo hufuta kumbukumbu yake vikipakiwa programu upya. Kwa hiyo ukikuta kirekodi kimeharibika, usikizime na kukiwasha, wala usikipakie kitu. Kwanza nakili daftari zote mbili.

TUANZE NA SAA

Ukiisha kupata daftari, jambo la kwanza ni kuuliza: hii ni saa ya wapi? Bujumbura iko mbele ya saa ya Greenwich kwa saa mbili, na Kigoma iko mbele kwa saa tatu, ingawa maji ni yale yale. Virekodi vingi hufuata saa ya Greenwich. Kimoja kikiandika 22:00, hapa kwetu ni saa sita ya usiku, na Kigoma ni saa saba. Mtu akilinganisha orodha ya Bujumbura na ya Kigoma bila kujua hilo, ataona mawimbi ambayo hayakuwapo.

Tazama na mwaka pia. Ndani ya kirekodi kuna betri nyingine ndogo sana inayoilinda saa umeme mkubwa ukikatika. Ikifa, saa huweza kurudi nyuma hadi tarehe ya mwanzo ya mtengenezaji, mathalani 1 Januari 1970 au 2000. Ukiona mstari wa mwaka 2000 katikati ya mistari ya mwaka 2024, tatizo lako ni saa.

Katika historia ya ziwa hili hili tuna mfano wa thamani ya tarehe. Mwaka 1874 Mwingereza Cameron alifika mto Lukuga, upande wa Kongo, akasema maji ya ziwa hutokea pale. Mwaka 1876 Stanley alikuta njia imezibwa, naye akampinga. Mwaka 1879 Hore wa misheni ya London alikuta maji yakitoka kwa nguvu. Mabishano yalikuwa mengi, lakini ziwa lilikuwa likipanda, na kila mmoja aliona ya siku yake. Kwa kuwa waliandika miaka yao, sisi leo twaweza kuwapatanisha.

MFANO WA KUFANYIA KAZI

Tuchukue mfano ambao nimeutunga kwa ajili ya somo hili. Kirekodi kipo ufukweni, hupima kila dakika 15, na saa yake ni ya Bujumbura. Daftari la vipimo lasema hivi:

02:00 — mita 3.42 — betri volti 11.6
02:15 — mita 3.42 — betri volti 11.4
02:30 — mita 3.41 — betri volti 11.1
06:45 — mita 3.82 — betri volti 11.9
07:00 — mita 3.82 — betri volti 12.1

Mtu mwenye haraka atasema, “Ziwa limepanda sentimita 40 usiku mmoja! Waambieni watu wahame!” Tusimcheke, maana nia yake ni njema. Lakini kwanza tufanye hesabu.

Eneo la ziwa ni kilomita za mraba 32,600 hivi. Sentimita moja juu ya eneo hilo lote ni mita za ujazo milioni 326. Basi sentimita 40 ni zaidi ya mita za ujazo bilioni 13. Kati ya 02:30 na 06:45 ni saa nne na robo, yaani sekunde 15,300. Ukigawanya, utapata mita za ujazo 850,000 hivi kila sekunde. Mto Kongo, ambao ni mkubwa kuliko mito yote ya Afrika kwa wingi wa maji, humwaga baharini kadiri ya mita za ujazo 41,000 kila sekunde. Ingelazimu mito ishirini kama Kongo iingie ziwani usiku ule.

Sasa tufungue daftari la hali. Nimeyaandika maneno yake kwa Kiswahili:

02:34 — onyo: betri dhaifu
06:41 — kirekodi kimewaka. Sababu: umeme ulikatika
06:41 — programu imepakiwa
06:41 — sahihisho la kihisi: 0.00 (awali: -0.40)

Mambo yote yamefunuka. Betri ilikuwa ikidhoofika usiku. Twaona volti zikishuka. Muda mfupi baada ya saa nane na nusu za usiku kirekodi kilizimika. Kuanzia 02:45 hadi 06:30 mistari 16 haipo. Jua lilipochomoza, paneli iliijaza betri kidogo, kirekodi kikaamka. Lakini kihisi hiki kilikuwa na sahihisho la kutoa sentimita 40, lililoingizwa kwa mkono siku kilipofungwa ili hesabu yake ilingane na ubao. Sahihisho hilo halikuhifadhiwa mahali pa kudumu, likapotea umeme ulipokatika. Toa 0.40 katika 3.82, utapata 3.42. Ziwa halikupanda.

Je, tumekwisha? Bado. Daftari la hali limetupa sababu, na sababu yataka shahidi. Nenda kwenye ubao ulio majini, usome kwa macho yako. Ukikuta mita 3.42, shauri limekwisha. Ndiyo maana nilisema ubao bado una kazi.

Kisha sahihisha kwa uaminifu. Usifute mistari ya asili; weka nakala yake. Katika nakala mpya toa 0.40 kwa kila mstari tangu 06:45 mpaka sahihisho litakaporudishwa. Ile mistari 16 iache tupu, wala usibuni tarakimu za kuijaza. Mwisho andika ulichofanya, siku gani, na kwa sababu gani.

Sasa fikiri kinyume chake. Kama sahihisho lingekuwa la kuongeza 0.40 badala ya kutoa, kirekodi kingeonyesha ziwa limeshuka, wakati ambapo labda lilikuwa likipanda. Hakuna ambaye angepiga kelele. Watu wa Gatumba wangelala usingizi mtamu, na maji yangewakuta kitandani. Kosa linalotisha hutafutwa upesi, bali linalofariji huachwa. Kwa hiyo daftari la hali lisomwe kila mara, hata siku ambazo vipimo vinapendeza.

TUSIZIDISHE SHAKA

Baada ya kujifunza haya, mwanafunzi aweza kuwa mtu wa kukana kila tarakimu ya ajabu. Hilo nalo ni kosa. Mwaka 1985 Waingereza watatu, Farman, Gardiner na Shanklin, walitangaza ya kuwa ozoni juu ya bara la Antaktika ilikuwa ikipungua mno kila mwaka. Setilaiti ya Marekani iitwayo Nimbus 7 ilikuwa imepima upungufu huo huo, lakini programu iliviwekea vipimo vile alama ya shaka, maana vilikuwa vidogo kuliko vilivyotazamiwa. Bahati njema havikuwa vimefutwa. Wataalamu walipovichungua, waliona ni vya kweli.

Basi alama ya shaka maana yake ni “chunguza”, si “tupa”. Kama kipimo ni cha ajabu na daftari la hali ni safi, betri ina nguvu, saa ni sahihi, na ubao unakubali, amini ya kuwa ajabu imetokea kweli, ukawaonye watu mapema. Wahenga walisema, dalili ya mvua ni mawingu.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kirekodi hupima kila dakika 10. Siku moja ina mistari 139 tu. Ni muda gani haukupimwa?

2. Kirekodi kinachofuata saa ya Greenwich kimeandika 16:30. Kwa hesabu yetu ya Kiswahili ni saa ngapi Bujumbura, na ni saa ngapi Kigoma?

3. Ziwa laonekana limeshuka sentimita 25 tangu jana. Daftari la hali lasema kihisi kilibadilishwa jana adhuhuri. Utafanya nini kwanza, na utamwuliza nani?

Majibu: (1) Dakika 50. (2) Bujumbura saa kumi na mbili na nusu ya jioni. Kigoma saa moja na nusu ya usiku. Swali la tatu nawaachia mlijadili darasani. Na wakubwa wetu wanaofanya kazi bandarini, viwandani au katika vituo vya umeme, tutafurahi wakituandikia majibu yao katika toleo lijalo.