Nimeombwa kuwa mdhamini: nitafanya nini?

SWALI: Kikundi chetu kinawafariji wanawake walioharibikiwa mimba au kujifungua watoto wafu, Musoma, Bunda na Butiama. Nimeombwa kuwa mdhamini, bila malipo. Majukumu yangu ni yapi? – Msomaji, Bunda

JIBU: Mdhamini hulinda mali na lengo la kikundi: hupitisha bajeti, hukagua hesabu, huuliza fedha zimekwenda wapi. Kuwatembelea wafiwa waachie waliofunzwa kazi hiyo.

Kabla ya kukubali, omba kuona katiba na cheti. Sheria ya NGO ya 2002 inaruhusu usajili wa ngazi ya wilaya, mkoa au taifa; ninyi mnaohudumia wilaya tatu, ulizieni ya mkoa. Bodi za wadhamini husajiliwa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA), na mali huandikwa kwa jina la bodi, wala si la mwenyekiti. Afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri atawaonyesha njia inayowafaa.

Wekeni pia kanuni ya siri. Mjini kwenu watu wanajuana, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazipa taarifa za afya ulinzi wa pekee. Vikaoni semeni idadi, msitaje majina. Na mama anayetokwa damu nyingi au mwenye homa apelekwe kituo cha afya kwanza, faraja itafuata.