Habari Mbaya Zikufikie Mapema: Mbinu za Kuongoza Timu Kazini

Ukitaka kumpima msimamizi, usihesabu saa anazokaa ofisini wala usisikilize ukali wa sauti yake. Angalia jambo moja: mzigo ukichelewa, hesabu isipolingana au mteja akikasirika, nani hujua kwanza, yeye au mkubwa wake? Anayejua mapema ana nafasi ya kurekebisha. Anayejua mwisho hubaki kuomba radhi.

Habari hizo haziji zenyewe. Walio chini yako wana sababu za kunyamaza: wanaogopa kufokewa, wanadhani watalimaliza tatizo kabla hujalisikia, au hawana hakika kama jambo lenyewe lilikuwa lao. Kwa anayeongoza watu wachache dukani, ghalani, hotelini au ofisini, kuziondoa sababu hizo ndiyo kazi kubwa.

1. Kila kazi iwe na mwenyewe

Andika kwenye kundi la WhatsApp, "Jamani, ile stoo ya nyuma iangaliwe." Utapata alama saba za dole gumba, na stoo itabaki ilivyo. Taja jina, taja unachotaka, taja saa: "Rehema, hesabu mifuko yote ya saruji iliyo stoo ya nyuma, nipate idadi kabla ya saa tisa alasiri." Kama kazi inahitaji watu wawili, mmoja wao ndiye atakayekujibu.

Kisha mwombe akueleze alivyoelewa. Mara nyingi hapo ndipo utagundua kwamba wewe ulimaanisha mifuko mizima tu, naye alitaka kuhesabu na iliyopasuka. Mkishaelewana, mwachie namna ya kuifanya. Ukimsimamia kila hatua, hatafikiri tena; atasubiri uje.

2. Uliza maswali yasiyojibika kwa "hakuna shida"

Ukiuliza "Kazi inaendeleaje?" jibu liko tayari: "Vizuri, bosi." Ukiuliza "Itaisha Ijumaa?" utaambiwa "Tutajitahidi." Tumelelewa kutomkatalia mkubwa usoni, kwa hiyo "ndiyo" ya mtu inaweza kuwa adabu tu, isiwe ahadi. Badili swali: "Umefikia wapi?" "Kitu gani kinaweza kutukwamisha kabla ya Ijumaa?" "Nikupatie nini leo ili kazi iende?" Maswali haya yanampa mtu ruhusa ya kutaja kikwazo bila kuonekana mkaidi.

Yape maswali hayo mahali pake. Asubuhi, simameni dakika kumi. Kila mmoja aseme anachofanya leo na kinachomkwaza. Usitatue chochote pale, chukua tu, kisha mfuate mhusika pembeni. Zaidi ya hapo, kila baada ya wiki mbili kaa nusu saa na mtu mmoja mmoja, aanze kuzungumza yeye. Yapo mambo hayasemwi mbele za watu: ugomvi na mwenzake wa zamu, mgonjwa nyumbani, kazi nyingine anayoitafuta.

3. Chunga sentensi yako ya kwanza

Katika viwanda vya Toyota, mfanyakazi wa mstari wa kuunganisha magari akiona kasoro huvuta kamba au kubonyeza kitufe. Kiongozi wa kundi lake humfuata hapo hapo, na wasipoitatua haraka, mstari husimama. Hayo hufanyika kwa sababu aliyevuta kamba haadhibiwi kwa kuivuta.

Timu yako haina kamba. Ina uso wako. Mtu akikuletea tatizo, anza na: "Afadhali umeniambia sasa. Tuanzie wapi?" Sababu na wajibu wa mtu mtavijadili moto ukishazimika. Weka pia tofauti iliyo wazi: aliyekosea akasema, mtarekebisha pamoja, aliyeficha ataitwa ajieleze. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na ghalani kifo hicho huitwa ukaguzi wa hesabu.

4. Kosoa tendo, faraghani, kwa maandishi

"Wewe ni mvivu" huzaa ubishi. "Jumatatu na Jumatano umefika saa tatu, na zamu inaanza saa mbili, mwenzako alibaki peke yake kaunta, foleni ikafika mlangoni" ni jambo lililotokea. Sema hivyo mkiwa wawili, uliza kulikoni, halafu nyamaza usikilize. Malizeni kwa kukubaliana kitakachobadilika na siku ya kukiangalia tena, ukiandike.

Kuandika si ubaya wa moyo. Kwa Tanzania Bara, kanuni za mwaka 2007 zilizo chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini zinamtaka mwajiri achunguze sababu za utendaji duni, amwelekeze mfanyakazi na kumpa muda wa kutosha kujirekebisha kabla ya kumwachisha kazi. Mgogoro ukifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, "nilimwambia mara nyingi" haitoshi.

5. Waliokuzidi umri, na waliokuwa wenzako

Mwamkie mzee wa timu yako "shikamoo" kama kawaida. Cheo hakipunguzwi na adabu. Mwombe ushauri kabla ya kuamua, si baada: "Mzee, wewe unaijua ghala hii kuliko sisi. Zamu tuzipangeje?" Ukishaamua, agizo ni lile lile kwake na kwa kijana. Likimgusa yeye, mwambie pembeni kabla halijatangazwa.

Kwa waliokuwa wenzako, kaa na kila mmoja wiki ya kwanza ya uongozi wako useme kipi kinabaki na kipi kinabadilika. Utani na chai ya saa nne vinabaki. Kumfichia mtu utoro hakubaki, na rafiki wa karibu ndiye aambiwe hilo mwanzo.

6. Heshimu muda wao

Aliyechoka hukosea, na huchelewa kuliona kosa lake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki; saa za ziada ni kwa makubaliano, zisizidi 50 katika wiki nne, na hulipwa angalau mara moja na nusu ya malipo ya kawaida. Likizo ya mwaka ni siku 28: ipange mapema, isiwe fadhila. Ujumbe wa saa nne usiku nao usubiri asubuhi, isipokuwa ghala inaungua.

Jipime

Tafuta daftari. Kwa mwezi mmoja, kila tatizo likitokea, andika nani alikuambia kwanza: mtu wa timu, mteja, au mkubwa wako. Wateja na wakubwa wakiongoza, rudia mbinu ya pili na ya tatu. Watu wako bado wanakuogopa. Timu ikiongoza lakini matatizo ni yale yale kila wiki, rudia ya kwanza. Kuna kazi haina mwenyewe. Na kama daftari ni tupu mwezi mzima, usishangilie: nenda kaunta, simama saa nzima, uone mwenyewe.