Kuunganisha Kompyuta ya Gari na Redio ya Kiwandani: Mambo ya Kujua Kabla ya Kumlipa Fundi

Magari mengi yanayopita katika barabara ya Bagamoyo, kuanzia Tegeta na Bunju hadi Mapinga, Kerege na Zinga, yaliingia nchini yakiwa yamekwisha kutumika Japani. Yalikuja na redio zake za kiwandani. Redio hizo aghalabu ni vifaa vizuri, vilivyotengenezwa kulingana na spika na nyaya za gari husika, lakini zilikusudiwa msikilizaji wa nchi nyingine. Maelezo ya skrini yake ni ya Kijapani, ramani zake ni za barabara za Japani, na masafa yake ya FM huanzia megahezi 76 na kuishia 90. Za miaka ya karibuni hufika 95. Vituo vya Tanzania hutangaza kati ya megahezi 87.5 na 108. Hivyo mwenye gari husikia vituo vichache vya mwanzo wa masafa, na vilivyosalia havipati.

Ndiyo maana walaji wengi hununua kompyuta ndogo ya gari, yaani skrini ya Android au simu kibao, ili wapate ramani, muziki, matangazo kwa njia ya intaneti, na namna ya kuzungumza na simu bila kuishika. Ununuzi huo si mbaya. Hasara hutokea katika kuunganisha. Katika somo hili tunaeleza njia zilizopo, mahali penye hatari, na haki za mlaji. Kanuni yetu kuu ni moja: chagua kazi inayoweza kurudishwa. Waya wa kiwandani ukikatwa, si gari pekee linaloharibika; na ushahidi wa nani alikosea hupotea.

Anza na njia isiyogusa nyaya

Kabla ya kwenda dukani, kagua redio uliyonayo. Ikiwa ina Bluetooth, kompyuta itapeleka sauti bila waya. Ikiwa ina tundu la AUX, waya mmoja wenye ncha ya milimita 3.5 unatosha. Baadhi ya redio hazina tundu mbele, lakini zina mahali pa kuingizia sauti kwa nyuma. Hapo huhitajika waya maalumu wa aina hiyo ya redio, na fundi huufikia bila kukata kitu. Katika njia hizi zote, redio ya kiwandani huendelea kuendesha spika, na kompyuta huwa mgeni tu.

Wako wauzaji wanaopendekeza kirushi kidogo cha FM kinachochomekwa kwenye tundu la kiberiti cha gari. Kifaa hiki ni cha bei nafuu, lakini pima kwanza. Virushi vingi hurusha kati ya megahezi 87.5 na 108. Kama redio ya gari lako huishia 90, masafa yanayokutana ni megahezi mbili na nusu tu, na ndani ya nafasi hiyo mna vituo vya kweli. Mahali palipo kimya ukiwa Mapinga huenda pakawa na kituo chenye nguvu utakapokaribia mjini, na muziki wako ukamezwa njiani.

Kipanua masafa nacho kina mipaka. Kazi yake ni kuteremsha mawimbi ili redio ya Japani iyapokee. Kikiteremsha kwa megahezi 20, kituo cha 100 utakipata kwenye 80. Kinasaidia kusikia vituo, lakini hakibadilishi ramani wala lugha ya skrini.

Ukiamua kuiondoa redio ya kiwandani

Wakati mwingine redio ya zamani haina mlango wowote wa kuingizia sauti, na mlaji huamua kuibadilisha. Yapo mambo matatu ya kuuliza dukani.

Kwanza, kipimo. Nafasi ya redio katika magari mengi ya Toyota ya Japani ina upana wa milimita 200, ilhali skrini nyingi za kawaida zina upana wa milimita 178 hivi. Pengo hilo huzibwa kwa fremu yake. Usikubali dashibodi ikatwe kwa msumeno.

Pili, plagi. Redio ya kiwandani huunganishwa na gari kwa plagi maalumu. Zipo nyaya za kati ambazo upande mmoja huingia katika plagi ya gari na upande wa pili katika kompyuta. Gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na ya skrini, na faida yake ni kubwa: siku yoyote unaweza kurudisha redio ya zamani. Fundi asiye nazo atakata plagi na kusokota nyaya mkono kwa mkono. Asikwambie kwamba rangi zitamwongoza, kwa kuwa rangi za nyaya za gari si lazima zifanane na za kompyuta.

Tatu, vitu vinavyotegemea redio ya zamani. Uliza kama kamera ya nyuma, vitufe vya usukani na amplifaya ya kiwandani vitaendelea kufanya kazi. Uliza pia kama redio yako hudai namba ya siri baada ya betri kutolewa. Redio kadhaa za Japani hujifunga kwa namna hiyo, na asiye na namba hukosa hata alichokuwa nacho.

Umeme: chanzo cha hasara nyingi

Kompyuta ya gari huhitaji nyaya mbili za chanya na moja ya ethi. Chanya ya kwanza hutoka kwenye betri moja kwa moja na kuhifadhi kumbukumbu ya kifaa. Ya pili huwaka ufunguo unapozungushwa. Fundi mwenye haraka huziunganisha zote mbili kwenye umeme wa kudumu, na kompyuta hailali kamwe.

Fanya hesabu. Kifaa kinachovuta nusu ampea hutumia ampea-saa 12 kwa siku moja. Betri ya gari dogo yenye ampea-saa 36 itakwisha kabisa kwa siku tatu, na stata itashindwa kabla ya hapo. Gari lililoegeshwa Mapinga Ijumaa jioni huenda lisiwake Jumatatu alfajiri, na mwenye nalo atanunua betri mpya bila kujua kwamba mwizi yumo ndani ya dashibodi.

Kila waya wa chanya uwe na fyuzi iliyo karibu na chanzo cha umeme, ya kiwango kilichoandikwa na mtengenezaji wa kifaa. Fyuzi ikikatika mara kwa mara, inatoa taarifa ya kasoro. Kuweka kubwa zaidi, au kufunga kipande cha waya mahali pake, ni kuualika moto.

Sauti na mlio usiotakiwa

Katika magari mengi, waya wa hasi wa spika si ethi. Ukiunganishwa na bodi ya gari, amplifaya iliyo ndani ya kompyuta inaweza kuungua siku ileile. Vilevile, waya wa spika usiingizwe katika tundu la AUX: nguvu yake ni kubwa mno kwa tundu hilo, na hupasua sauti au huharibu kifaa.

Ukisikia mlio unaopanda na kushuka pamoja na mwendo wa injini, chanzo chake mara nyingi ni ethi mbaya, au vifaa viwili vilivyopewa ethi mahali tofauti. Sisi wa pwani tuna adui wa ziada, nao ni hewa ya chumvi inayoshika kutu kwenye maungio. Ethi ifungwe kwa skrubu kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi, kisha ipakwe grisi.

Usalama wa abiria

Nyaya za mfuko wa hewa, ambazo kwa kawaida plagi au ala yake ni ya njano, zisiguswe kwa sababu yoyote. Skrini isizibe mfuko huo wala kioo cha mbele. Simu kibao isiachwe kwenye dashibodi gari likiwa juani, maana betri yake haivumilii joto hilo. Picha za video zizimwe gari linapotembea.

Haki zako, na jinsi ya kuzilinda

Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa au huduma. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, nayo humlinda mnunuzi aliyemweleza muuzaji matumizi anayokusudia na kutegemea ujuzi wake. Kwa hiyo usiseme tu, “Nipe skrini.” Taja aina ya gari, mwaka wake, na kazi unayoitaka, na maelezo hayo yaandikwe kwenye risiti. Dai risiti ya EFD. Uliza pia kama kifaa kimeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania.

Kama duka na fundi ni watu wawili tofauti, andikianeni nani anawajibika kwa nini. La sivyo kila mmoja atamsukumia mwenzake. Piga picha ya plagi kabla kazi haijaanza. Redio ya zamani, fremu yake na skrubu zake ni mali yako, ondoka nazo.

Kabla ya kulipa salio, jaribu yafuatayo mbele ya fundi:

1. Zima gari na utoe ufunguo. Je, skrini imezimika?
2. Sikiliza kila spika peke yake.
3. Washa injini, taa na kiyoyozi. Je, kuna mlio?
4. Weka gia ya nyuma. Je, kamera inaonekana?
5. Tafuta kituo kilicho juu ya megahezi 100.
6. Angalia kama kuna taa ya onyo iliyobaki ikiwaka kwenye dashibodi.
7. Omba kuonyeshwa fyuzi na plagi kabla dashibodi haijafungwa.

Kasoro ikijitokeza baadaye, rudi kwanza kwa muuzaji ukiwa na risiti na picha, na usimruhusu fundi mwingine afungue kazi hiyo kabla muuzaji hajaiona. Asipokusikiliza, peleka malalamiko yako kwa maandishi Tume ya Ushindani. Mlaji ambaye plagi yake haijakatwa ana jambo la kuonyesha. Aliyekatiwa hubaki na maneno matupu.